Mtungi Niliopewa Kuulinda

Tulikuwa watano nyumbani kwetu Ndagoni. Bibi yangu Mwanahawa, mzaa mama. Mama yangu Zena. Bi Tatu, jirani, si wa damu yetu lakini alikuwa akiingia bila hodi. Mimi, mtoto wa kwanza, sijafunga hata Ramadhani moja nikaimaliza. Na mdogo wangu Mize, ulimi ndio kwanza unafunguka. Baba alikuwa dago, huko wanakopiga kambi wavuvi, kwa hiyo simhesabu.

Yamenirudia juma lililopita. Kitukuu changu aliharisha, mama yake kaenda Kilindoni, nikambeba mwenyewe mpaka zahanati. Nesi, binti mdogo tu, akanipa shikamoo, nikaitika marahaba. Akachana pakiti ya unga, akaukoroga kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, akanishikisha kijiko.

"Kidogo kidogo, bibi. Kila akiharisha, mpe tena. Ukimwona analegea, macho yanaingia ndani, mrudishe hapa mbio. Ila maji usimnyime."

"Hata anavyoharisha hivi?"

"Hasa anavyoharisha! Si ndiyo maji yenyewe yanayomtoka?"

Nikamuuliza wamelijua lini jambo hilo. Akacheka. "Bibi nawe! Zamani, mimi hata sijazaliwa."

Mtoto akanywa, akalala. Kesho yake akaamka anadai uji.

Wajukuu zangu hupenda kuniambia, zamani mlikula vizuri, mlikuwa hamuumwi. Mimi huwaacha waseme. Walioumwa hawapo wa kuwasimulia.

Ni kweli tulikula. Siku ya hitima ya babu uani kulinuka wali wa nazi na mchuzi wa changu, na sisi watoto tulikwisha kuna nazi tangu asubuhi mpaka vidole vinawaka. Likapitishwa bakuli la kunawia. Bakuli moja, maji yale yale. Aliyeanza ni mkubwa kuliko wote, kwa heshima yake, kisha anayemfuatia, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mkeka. Sabuni haikuwepo. Hapana, nisiseme uongo: kipande kilikuwepo, cha kufulia, na hakuna aliyefikiria kukileta kwenye chakula. Lilipofika kwa Mize, mdogo kuliko wote, maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele. Akatumbukiza mikono yote miwili, akafurahi, akaramba vidole. Watu wakacheka. Adabu tulikuwa nayo nyingi, na choo chetu siku zile kilikuwa ufukweni.

Siwezi kuapa kwamba yalianzia pale. Lakini kesho yake alianza kuhara.

Bi Tatu akaja, akamtazama, akamgeukia mama. "Zena, mtungi umetoboka nawe unaendelea kuujaza? Mkaushe kwanza. Tumbo likikauka, litafunga."

Bibi akasema ndivyo, hata yeye alilelewa hivyo. Mama alikuwa binti mbele ya mama yake, angebisha na nani? Mtoto akanyimwa maji. Na kwa kuwa mama alikuwa akifua vitambaa kutwa, na bibi akichemsha mizizi, mimi nikawekwa kando ya mtungi na kata ya kifuu ya kuchotea mikononi. "Asiguse," bibi akaniambia. "Wewe ndiye dada mtu."

Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alikuwa hana machozi, anatoa sauti tu. "Dada, maji." Nikamwambia, "Ukipona." Niliona nafanya jambo kubwa. Bi Tatu alipopita akanitania, "Huyu askari wetu hata rushwa hali!" nami nikavimba kichwa.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, akatambaa. Mtoto aliyekuwa akikimbia, sasa anatambaa. Akaufikia mtungi. Mnajua mtungi wa udongo unavyotoa jasho kwa nje. Akaubandikia ulimi ubavuni, akawa anauramba, macho yamezama hata sikumjua. Nikamvuta. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Bibi akaniona, akasema, "Mtoto mwaminifu huyu."

Alasiri ilipoadhiniwa Mize alikuwa hayupo. Bibi alisema Mungu kampenda. Sikatai. Lakini Mungu ndiye aliyeyaweka maji mtungini, na mimi ndiye niliyeyafunika.

Bibi kafa, mama kafa, Bi Tatu kafa, na hakuna hata mmoja aliyefanya kwa ubaya. Hilo ndilo linaloniuma. Ningempata mbaya mmoja ningemchukia nikapumzika. Mtungi wenyewe ulikwisha vunjika, siku hizi watu wana ndoo yenye bomba, wananawa maji yanayotiririka na sabuni, na watoto wanadhani ilikuwa hivyo tangu dunia iumbwe.

Watu wa Ndagoni mnaosoma haya, au mnaosomewa, huenda mama zenu waliwahi kuyasimulia. Mimi mzee, nachanganya. Kama nimekosea siku, nisahihisheni. Majina sidhani nimekosea, lakini nayo nisahihisheni. Na kama yuko aliyepata kusikia kwamba nilimpa Mize maji, hata tone moja, kwa kificho, nami ndiye niliyesahau, aje aniambie. Nitamwamini.