Viktoria Aliyefufua Watu Thelathini na Mmoja

Viktoria, binti wa Ocokoru wa Pajulu, alikuwa na vidole vyembamba kama mabua ya mtama, na kwa vidole hivyo alifufua watu thelathini na mmoja kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwepo. Anayebisha aende Koboko akaulize.

Mwaka tisini na nne huo. Viktoria alikuwa karani kwenye ofisi ya kuwagawia majembe waliorudi kutoka ukimbizini. Kompyuta yake kioo cheusi, haina picha, haina mshale. Unaiandikia amri tu, kama koplo na kuruti.

Akaja Kamisi, fundi cherehani, jirani yangu. Mvua imeshaanza, shamba limejaa magugu, na kwenye orodha ameandikwa AMEKUFA.

"Binti, mimi iko hapa!" Kamisi akajipiga kifua. "Mutu ya kufa iko nakohoa hivi?"

"Wengine wanakohoa, mzee. Keti, nitengeneze mstari wako. Ni wa mia mbili na kumi na mbili."

Kazi yenyewe ndogo: unaandika namba ya mstari, halafu herufi ya kusema badilisha, halafu neno bovu, halafu neno jipya. Lakini Kamisi alimkoholea sikioni mpaka namba ikamtoka kichwani. Akaandika amri bila namba. Mashine ikatii kama kuruti mwoga: orodha nzima, kila AMEKUFA ikawa YUKO HAI.

Karatasi ikabandikwa mlangoni. Kamisi akapewa jembe, akaondoka mbio. Nyuma yake likasomwa jina la marehemu Igga, na mjane wake Mindra akaruka.

"Yuko wapi? Nililia siku nne, nikanyoa kichwa! Nywele zangu nani atanirudishia?"

Obeti, mdogo wake Igga aliyemrithi Mindra, alikuwa ameshaanza kukunja godoro. "Kaka akirudi, mimi nitalala wapi?"

Na Andama, ambaye nilimwosha kwa mikono yangu hii, nilimwona kwenye foleni na sanda yake, anasukuma watu. Akaambiwa alete kitambulisho. Akarudi kaburini kukitafuta.

Mkubwa wa ofisi, Bwana Ezati, akatoka ametoa macho. "Viktoria! Warudishe wote walikotoka. Mmoja mmoja, kwa namba!"

Akaanza. Kila mstari ukoo mzima unapiga makofi: "Huyo kweli! Huyo tulimzika!" Thelathini wakaisha. Akabaki Kamisi, wa kuachwa hai. Ndipo Kamisi mwenyewe akaingia akihema, jembe begani linadondosha tope.

"Binti yangu, na mimi unirudishe."

"Wapi?"

"Kwa wafu. Watu ya kodi ya kichwa wamesoma karatasi ya mlangoni. Tangu nirudi, walikuwa hawajui kama niko!"

"Mzee, nimehangaika siku nzima kwa ajili yako!"

"Na jembe ni zuri, nimeshalima nusu. Asante sana. Sasa niue."

Viktoria akashusha pumzi, akaandika namba kwanza. Kamisi akafa saa kumi kasorobo, akarudi shambani kumalizia nusu iliyobaki.