Ngozi Nilizozipa Daraja la Kwanza

Naandika haya uso ukiniwaka, maana kuna watu pale Kihonda mpaka leo wakiniona wananiita Bwana Mlenda, na si kwa sababu najua kupika. Bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjamsikia Iddi, mwenzangu wa kikundini, ambaye kila akisimulia anaongeza lake.

Mimi ni mtu niliyejisomesha. Nilitoka Morogoro na begi moja, nikauza mitumba Mwanza, nikajilipia ada mwenyewe mpaka nikapata stashahada ya usindikaji wa ngozi (ina fremu, iko ukutani sebuleni, karibuni muione), kisha nikarudi nyumbani nikajiunga na kikundi cha washona viatu, tuko sita. Tulipopata oda ya makubazi ya shule moja ya bweni, kikundi kikaona kichague mnunuzi wa ngozi wa kudumu. Mama Zuhura, mwenyekiti wetu, akasema, "Safari hii aende msomi. Akileta mzigo mzuri, kazi ni yake moja kwa moja." Jamani, niliitaka kazi ile kuliko chakula.

Sasa kosa lenyewe lilikuwa dogo kabisa: nilivaa shati jeupe. Nilitaka kule kwenye ghala la ngozi, nyuma ya stendi ya Msamvu, wajue aliyekuja si mchuuzi tu. Bi Tatu, mwenye ghala, alikuwa na marundo mawili. Moja la ngozi mbichi zilizotiwa chumvi, zimekunjwa, zinachuruzika maji ya damu, na kuzikagua lazima uzikunjue moja moja, uzigeuze upande wa nyama, uone kama kisu cha mchunaji kimezitoboa. La pili ngozi kavu, safi, manyoya yanang'aa, zimenyooka kama mbao. Nikayatazama marundo, nikalitazama shati, na (Mungu anisamehe) shati ndilo lililochagua.

"Shikamoo mama. Nachukua hizi kavu."

"Marahaba baba. Hizo zimeshuka jana kutoka Matombo, sijui ziliwambwa kivulini au zilitandikwa chini juani. Kata kipande, kiroweke kwenye ndoo ile, kaa unywe chai, jioni tutazame."

"Mama, mimi nimesomea ngozi."

"Na chai hukuisomea? Kaa, baba."

Wapagazi wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichonimaliza, kwa sababu badala ya kukaa nikaanza kuwafundisha madaraja: hii haina tundu, haina chapa ya moto, haina kovu la kupe, basi ni daraja la kwanza! Nikatoa kalamu nene nikaziandika zote, moja baada ya nyingine, DARAJA LA KWANZA. Bi Tatu akaniuliza taratibu, "Hiyo stashahada imeshawahi kuchuna ng'ombe?" Nikamhesabia pesa zake, nikawabebesha wapagazi mzigo mpaka kikundini.

Hata hapo ningeweza kupona, kama ningeziroweka kimyakimya. Mimi nikaalika watu! Majirani, mwalimu wa ile shule, mama lishe wa jirani na wateja wake, wote waje asubuhi waone ngozi za msomi zikitoka majini tayari kwa chokaa ya kunyofoa manyoya. Wakaja. Nikakunja mikono ya shati, nikazamisha mikono kwenye pipa zilimolala usiku kucha, nikashika mkia, nikavuta kwa madaha.

Mkia ukaja. Ng'ombe akabaki.

Nikazamisha tena, nikashika mgongo, ukateleza vidoleni vipande vipande, ukinuka, na kipande kimoja kikaninata kiganjani kikiwa na maandishi yangu mwenyewe, DARAJA LA.

"Mtaalamu," Iddi akauliza, "hiyo ni ngozi au mlenda?"

"Mwalimu asiondoke," akadakia mama lishe, "ugali uko tayari!"

Mwalimu hakucheka. Alimwuliza Mama Zuhura kama oda aipeleke kwingine.

Ngozi ikitandikwa chini kwenye jua kali, inaiva katikati huku nje inapendeza, na ukiiroweka ndipo unapoona ilivyoharibika. Nililijua hilo. Nililisoma mwaka wa kwanza na mtihani wake nilipata A.

Aliyetuokoa ni Iddi, aliyeishia darasa la saba. Alikwenda kwa Bi Tatu siku ileile, akazigeuza zile za chumvi mpaka akajaa damu viwikoni, akarudi na mzigo ambao mwalimu mwenyewe aliukubali. Kazi ya ununuzi ikawa yake. Mimi nambebea.

Naapa mbele yenu: ngozi kavu sitaitaja daraja tena mpaka ilale majini usiku kucha, hata muuzaji awe mama yangu mzazi. Mama Zuhura anasema mwakani tutapiga kura upya ya mnunuzi, nami nimeshaanza kampeni. Mpaka sasa nina kura moja, na ninapokumbuka lile pipa, hata hiyo yangu sina uhakika nayo.