Koti Moja la Watangazaji Wawili

Siku hizi televisheni yetu ya kebo ina ghorofa nzima, na mkuu wake akihojiwa husema walianza na kamera moja ya kuazima. Koti langu halitaji, na hilo silinyamazii.

Studio ya kwanza ilikuwa chumba changu cha kushonea, hapa Bellevue, mtaa wetu wahamiaji. Niliwashonea watangazaji wawili koti moja la bluu, wakawa wanalivaa kwa zamu. Wa michezo alikuwa mnene, kwa hiyo nilikata kwa kipimo chake. Msomaji wa habari alikuwa mwembamba, basi nikawa nambana kwa pini mgongoni, maana kamera ilimwona mbele tu.

Jumapili moja mchana, akiwa anasoma habari, aliletewa kikaratasi kwamba timu yetu ya mpira ya mtaa wa Malvern imetwaa kombe. Akasahau kamera, akageuka kutukumbatia sisi tuliokuwa nyuma yake, na pini zote zikaonekana kila nyumba.

Niliona aibu. Jumatatu asubuhi nikakuta foleni mlangoni: walinzi, wasusi, hata mchungaji mmoja Mkongo. Nikajua wamekuja kunicheka.

Kumbe pini ziliwaonyesha kwamba koti la kwenye televisheni lina fundi hapa hapa mtaani: walikuwa wamekuja kupimwa.