Choo Chako Kikoje?

Kaka yangu alipochoka na maumivu ya tumbo, alikwenda zahanati moja karibu na Garsen. Mhudumu, kijana wa bara, akamuuliza, "Mzee, choo chako kikoje?"

Kaka akajibu kwa fahari: "Kipya. Nimekichimba mwenyewe, futi kumi na tano, mabati juu, mlango wa mbao."

Foleni nzima ikacheka. Mhudumu naye akacheka, akampa dawa za minyoo na za kuongeza damu. Swali halikurudiwa.

Kisa hicho alinisimulia mwenyewe, nyumbani kwetu Kilelengwani, nilipopita kwa siku tatu. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili na sijawahi kukaa mji mmoja miaka miwili: Malindi, Lamu, Garissa, Malindi tena. Nilicheka hadi machozi. Niliona shati linavyomning'inia mabegani, nikadhani ni kazi ya shamba. Siku ya nne sikuwepo.

Choo chenyewe kilikuwa kizuri kweli. Ila shimo lake lilikuwa refu na lenye giza, mtu haoni anachokiacha. Mwaka uliofuata mto ukafurika ukakibomoa. Kijiji kikahamia kwenye mwinuko, kila mtu akawa anakwenda vichakani na jembe mkononi. Hapo ndipo kaka alipoiona damu. Alinyamaza kwanza, kisha akasema ni bawasiri, kwa kuwa kwetu damu ya huko ina jina hilo moja tu, na dawa yake huuzwa sokoni na kina mama wa mizizi. Aliinywa miezi minne. Mwishowe mkewe akanipigia simu: "Shemeji, njoo. Ndugu yako anakwisha na hasemi."

Tulimpeleka Hola, kutoka hapo Mombasa. Daktari, mwanamke wa makamo, alituchorea utumbo kwenye karatasi. Saratani ya utumbo mpana, alisema, mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kisichouma, kikakaa humo miaka. Kikionekana mapema hukatwa, mwenyewe akarudi shambani. Cha kaka kilikuwa kimekwisha kufika kwenye ini.

Kisha akanigeukia. "Na wewe? Baba mmoja, mama mmoja?"

"Ndiyo."

"Basi usingoje damu. Njoo utiwe mpira wa kamera kwa nyuma, tuuangalie utumbo wako."

Nilisema nitakuja. Nikaenda Lamu kupaka rangi nyumba za wageni. Kaka akawa ananipigia.

"Umeshatiwa mpira?"

"Bado, kaka. Kazi nyingi."

"Kazi gani? Unaogopa mpira, mwanamume mzima! Mimi nimetiwa na bado ni mwanamume, muulize shemeji yako."

Nyuma ya sauti yake nilimsikia shemeji akimwambia aone haya.

Nilikwenda mwezi wa tano. Siku nzima nilikunywa dawa ya kusafisha tumbo, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yenyewe. Kesho yake nilichomwa sindano nikalala, wakapitisha kamera. Nilipoamka daktari alisema wamekuta vinyama viwili, wamevitoa. Majibu ya maabara yalionyesha havijageuka saratani. Nikapangiwa tarehe ya kurudi kuangaliwa tena.

Habari hiyo sikutaka kuisema kwa simu. Nilimkuta kaka amelala mkekani barazani, miguu imevimba.

"Vilikuwa vikubwa?" akauliza.

Nikamwonyesha ukucha wa kidole cha mwisho. Akaushika, akautazama kwa muda.

"Hivi tu?"

"Hivi tu."

Akamwambia mkewe awaite watoto. Walikuja wote watatu, watu wazima, wa kike akiwa na mwanawe mgongoni. Nikawaeleza nilichoelezwa: kwamba wao ni damu yake, wamuulize daktari waanze kupimwa wakiwa na umri gani, na dalili yoyote wasiifiche. Nilitafuta maneno ya adabu, lakini kaka alinikatiza kila mara akataja kila kitu kwa jina lake. Binti yake akatazama chini.

Mwana mkubwa wa kaka akasema sawa, atakwenda kumwona daktari baada ya mavuno.

"Mavuno gani?" kaka akamuuliza. "Mpunga wenyewe hujaupanda."