Papa Hakupenda Bahari

Malori ya kwenda Kongo hulala kando ya barabara karibu na ninapokaa hapa Dar es Salaam. Asubuhi madereva wakiinama chini ya injini, harufu ya grisi huja mpaka dirishani kwangu na kuushinda upepo wa bahari. Ikishaingia, kazi haiendi tena. Nasimama, nakaa, nafungua dirisha, nalifunga. Ndiyo iliyokuwa harufu ya mikono ya Papa.

Tulikaa Katuba, mjini Lubumbashi. Papa alikuwa fundi wa mabehewa kwenye karakana ya reli. Yeye alizaliwa mjini humo humo, lakini mama yake, Kaku wetu, alitoka mkoa wa Kasai, kaskazini, akiwa msichana. Kwa hiyo Papa naye alihesabiwa mtu wa Kasai, na sisi watoto wake vilevile. Mama alikuwa mzaliwa wa Sakania, kule mpakani na Zambia. Mimi, Ngalula, nilikuwa na miaka tisa, na mdogo wangu Kazadi alikuwa bado anang'oka meno ya mbele. Mpaka mwaka ule sikujua kwamba mtu anaweza kubisha hodi mlangoni akakuuliza asili ya bibi yako.

Nchi ilikuwa inabomoka. Maduka yaliporwa, shule ilifunguliwa wiki hii ikafungwa wiki iliyofuata, na barabarani vijana walianza kuimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Siku moja Papa alirudi kutoka kazini kabla ya saa sita. Huko karakana alikuwa amekuta kabati lake limevunjwa, na mtu mwingine amevaa bleu yake, ile nguo ya kazi.

"Ilimufaa muzuri," akatuambia, akajaribu kucheka. "Mikono tu njo ilikuwa mirefu."

Tangu siku hiyo hakuna aliyetulia. Mama alifunga mizigo, akaifungua kutafuta sufuria, akaifunga tena. Tulilala na viatu miguuni. Tulikula kuku mfululizo, maana Mama hakutaka kumwachia mporaji hata unyoya, nami niliona haya kimoyomoyo kwamba taabu inaweza kuwa na mchuzi mtamu kiasi kile.

Jambo lililobaki lilikuwa moja: twende wapi? Kaku alitaka Kasai, akazikwe walikozikwa wazee wake. Lakini dada yake Mama, tuliyemwita Mama Mukubwa, alikuwa ameolewa Dar es Salaam, naye alituma neno kwa dereva mmoja kwamba njooni, nafasi ipo. Mama aliwahi kumtembelea kabla yeye mwenyewe hajaolewa, na bahari aliyoiona huko ilikuwa haijamtoka mdomoni.

Jumapili moja baada ya kula, Papa alituketisha mkekani kama anayetaka kutuchezesha mchezo.

"Kila muntu aseme," akasema. "Anapenda kukaa pembeni ya bahari, ao fasi kavu, mbali na bahari? Na aseme juu ya nini."

Mama alianza. "Miye, bahari. Asubui unaamuka, unasikia iko inapumua kama muntu."

"Bahari?" Kaku akaguna. "Bale balipelekwa ku bahari zamani, nani alirudia?"

Kazadi alichagua bahari kwa sababu alidhani majini hakuna shule. Mimi nilichagua bahari kwa kuwa nilitaka kuona mahali nchi inapokwisha. Papa alisema wa mwisho.

"Miye, fasi kavu. Mayi haina ng'ambo, ni mayi ya namna gani? Unaiangalia siku muzima, haikupeleki popote. Na kuikunywa, huwezi! Hapana. Miye niko muntu wa bulongo."

Tulimcheka sana huyo mtu wa udongo. Papa akapiga magoti yake kwa viganja. "Basi. Kila muntu ataenda kwenye anapenda." Nilimwona baba mwema kuliko wote Katuba.

Kesho yake nilimwaga chumvi yote ya nyumbani katika beseni, nikatia maji, nikaingiza miguu nizoee. Chumvi siku zile ilikuwa haipatikani. Mama aliponikuta aliinua mkono, na ungenishukia barabara kama Papa asingemzuia.

"Acha, Mama Ngalula. Iko anajifunza kwao."

Akachovya kidole ndani ya beseni, akakilamba, akakunja uso. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu. Nilidhani anatema mate.

Siku ya safari, stesheni ilikuwa imejaa watu wanaongoja treni ya kaskazini, ya kwenda Kasai. Walikuwa na vitanda, cherehani, mabati, hata milango ya nyumba zao. Treni yetu, ya Sakania, ilikuwa upande wa pili. Papa alimpandisha Kazadi, akanipandisha mimi, akampa Mama mizigo. Nikatafuta begi lake la nguo, sikuliona. Nikamwona Kaku chini, amekalia furushi lake, hainui uso.

"Na weye, Papa?"

"Nilishakuambia, Ngalula. Miye sipendi bahari." Alisema kwa sauti kubwa, akicheka.

Nikamtazama Mama. Yeye aliangalia kichwa cha treni kana kwamba kuna mtu huko anamwita.

"Basi, kaa na bulongo yako!" nikamwambia.

"Njo vile," akajibu Papa.

Treni ilipoondoka alitembea nayo, akigonga ubavu wa behewa letu kwa kiganja, kama afanyavyo fundi anayesikiliza kasoro, mpaka jukwaa likaisha.

Tulifika baharini. Nilikua huko na hasira yangu. Nilipoogelea nilimwaza mtu aliyepima udongo mkavu na wanawe, akachagua udongo. Nikimwuliza Mama, jibu lilikuwa lilelile, "Baba yenu hapendi bahari," huku ameelekeza macho kwingine. Habari zilitufikia kwamba Kaku amezikwa kwao, na Papa anatengeneza baiskeli Mwene-Ditu, huko huko Kasai. Kazadi alipomaliza shule tu, Mama alifunga mizigo. Safari hiyo hakuifungua tena, akaenda kwa mumewe, kwenye mji ambao maji hutafutwa kwa madumu.

Miaka mingine ilipita kabla sijawafuata kuwasalimu. Nilimkuta Papa magoti yamekataa, hawezi safari. Sijamaliza hata kunawa, akaanza kuuliza. Ni kweli bahari inaenda na kurudia kila siku? Mvua ikinyesha juu yake, inakuwa rangi gani? Samaki yake inanuka kama ya muto Luapula?

"Kila muntu mwenye kutoka kule, anamuuliza vile," Mama akasema, akicheka.

"Papa, si ulisema hupendi bahari?"

Alisugua viganja vyake polepole.

"Ngalula, yale mabehewa ya kaskazini, miye njo nilikuwa nayatengeneza. Mbele ya kunifukuza kazi, yalikuwa yanarudia matupu, tunayaosha. Bantu balikaa mule siku mingi, mayi hakuna, surua inapita mu batoto. Siku moja nilikuta sandali ya mutoto chini ya ubao. Kaku alikatala kwenda fasi ingine, na miye njo mutoto wake mumoja. Kama nilibaambia ile, mungekubali kuniacha?"

Tusingekubali. Ningeshikilia suruali yake mbele ya stesheni nzima.

Tulikaa mpaka bukari, ugali wa kwetu, ikapoa, nikimweleza bahari, naye akinirudisha nyuma kila niliporuka kitu. Siku hizi watu huniuliza kama napenda pwani au nitarudi bara, nami hushindwa kujibu. Nikiwa huku nalitamani vumbi jekundu, na nikifika kule sipati usingizi kwa ukimya. Jumapili ile mkekani, ni mimi na Kazadi tu tuliodhani ni mchezo wa kusema tunachokipenda. Wakubwa walikuwa wanagawana njia, na Papa alichukua ile yenye yale mabehewa, akatuambia ndiyo anayoipenda.