Nilimkana Baba kwa Jina la Shamba la Mzungu

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu nikianza na jingine nitajitetea, nami nimechoka kujitetea. Nilimkana baba yangu mzazi mbele ya karani wa serikali, mchana kweupe, na baba mwenyewe ameketi kwenye benchi nje ya mlango akiningoja.

Jina langu sitalitaja, wala si kwa aibu tu. Nikilitaja mmenijua! Kenya nzima tunaolitumia ni watatu: mimi, mke wangu na mwanangu. Ni jina la Kizungu, tena si yale majina ya Kizungu mliyoyazoea. Linaanza na herufi tatu zilizobanana bila irabu. Hata Wazungu wakilisoma huinua macho kunitazama, kisha hulisoma tena.

Nililivaa mwenyewe. Sasa halivuliki.

Sisi ni Wadigo wa Kinondo. Baba alikuwa mchoma chokaa. Alichimba mawe ya matumbawe, akayapanga na magogo katika tanuri, akayachoma siku mbili tatu mpaka yakawa meupe ya kupaka nyumba. Chokaa ilimla vidole hata vikawa laini kama sabuni iliyotumika. Nyumba yetu na tanuri lake vilikuwa ndani ya shamba la minazi la mzungu mmoja upande wa Galu. Baba alikuwa hapo kabla ya mzungu kuja, lakini karatasi alikuwa nayo mzungu, basi sisi tukawa maskwota.

Mimi nilikuwa nimesoma kidogo. Mzungu akanifanya nyapara wa kaushio la mbata, zile nazi zilizokaushwa, na kila Ijumaa akanituma kumchukulia barua zake.

Hakuwa Mwingereza huyu. Alitoka nchi ya baridi huko kaskazini kabisa, akafanya ubaharia, akaishia kwetu. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilichechemea.

Siku moja nikaona bahasha kutoka kwao imeandikwa jina lake la ukoo na neno "Mombasa", basi. Hakuna sanduku la posta, hakuna Galu, hakuna kitu. Na imefika! Mimi jina langu la kuzaliwa ukiliita sokoni Ukunda watageuka watu kumi. Barua zangu zilifunguliwa na kila mtu isipokuwa mimi.

"Bwana, hii imefikaje?" nikamuuliza.

Akacheka. "Jina hii watu yake kidogo sana. Saba tu, dunia mzima. Posta nauliza, watu nasema, ah, ile mrefu ya Galu."

Siku hiyo alikuwa na moyo wa kuzungumza. Akanieleza kwamba jina lile si la mtu, ni la shamba. Kwao kuna shamba moja la mawe mlimani, na shamba ndilo lenye jina tangu zamani. Anayehamia hapo akalima, analichukua. Anayehama analiacha, au anaondoka nalo akitaka. Babu yake hakuzaliwa nalo. Alikuwa kibarua kutoka bonde jingine, akaajiriwa pale, akakaa, akawa wa pale.

"Kibarua?" nikauliza. "Kama sisi?"

"Kama wewe."

Jamani! Neno lile lilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki kooni. Kama wewe! Yeye alilisema akaenda zake kulala mchana. Mimi nililibeba mwaka mzima.

Lazima niwaeleze na jambo la kwetu, msije mkadhani nilikuwa mwendawazimu. Wadigo wa zamani hatukuhesabu ukoo kwa baba. Mtoto ni wa fuko la mamake, yaani ukoo wa kwa mama, na mali alirithi kwa mjomba. Baba alikupa jina na malezi, lakini ulikuwa mtu wa kwa mama. Mimi nililelewa nikisikia kwamba minazi ya mjomba wangu wa Msambweni siku moja itakuwa yangu. Kumbe mjomba amekwisha kwenda kwa kadhi akawaandikia wanawe, kama dini inavyoagiza. Simlaumu. Lakini mimi nikabaki mikono mitupu: kwa mjomba sina, na baba hana hata pale alipojenga choo.

Kwa hiyo hesabu yangu ikawa hii. Jina la baba ni mpini tu wa kunishikia. Damu yangu iko kwa mama, na hakuna atakayeitoa. Nikibadilisha mpini, nitapungukiwa na nini? Na huyu mzungu kasema mwenyewe, jina na shamba ni kitu kimoja. Mwenye jina ndiye mwenye shamba.

Upumbavu wangu ulikuwa na elimu ndani yake, nao ndio upumbavu mbaya kuliko wote.

Ukakaribia uhuru. Mzungu akaugua, akasafiri kwao kutibiwa. Alipoondoka alinishika mkono akasema, "Angalia shamba." Hakusema zaidi. Watu wakaanza maneno: Wazungu wanaondoka, mashamba yatauzwa, maskwota watafukuzwa. Mama akaanza kukunja mikeka kabla hajaambiwa na mtu. Baba aliendelea kupanga mawe yake tanurini.

Nikajiambia nitawaokoa. Naapa ndivyo nilivyojiambia.

Serikali ikatangaza kuandikisha watu upya, tukapanda lori mimi na baba mpaka Kwale. Yeye aliandikishwa mapema, akatoka akaketi bencheni. Nikaingia mimi. Karani alikuwa kijana wa bara, mwenye tai, ana haraka.

"Jina lako la kwanza?"

Nikamwambia.

"Jina la baba?"

Nikataja jina la mzungu, lote, la kwanza na la ukoo. Nikamwandikia herufi zake.

Kalamu ikasimama. Akanitazama ngozi yangu, nami mweusi kama kitako cha sufuria. "Wewe? Mtoto wa mzungu?"

Na hapa, ndugu zangu, nikatamka maneno ambayo sijui nitayajibu vipi siku ya kiyama. Nikasema, "Mambo hayo anayajua mama yangu."

Lahaula! Mama yangu! Mwanamke ambaye hata dukani haingii bila buibui!

Karani akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Hapa watu wanasema uongo kila siku. Kusema uongo katika karatasi hii ni jela, unajua? Nataka shahidi, mtu mzima anayekujua." Akachungulia nje. "Wewe mzee! Ndiyo, wewe. Ingia."

Baba akaingia amevua kofia.

"Shikamoo, mzee. Unamjua huyu kijana?"

"Namjua."

"Anasema baba yake ni mzungu huyu, mwenye shamba la Galu. Ni kweli, au nimwite polisi?"

Baba hakunitazama. Alilitazama lile jina mezani, naye hajui kusoma hata herufi moja. Nilifungua kinywa niseme, karani, nisamehe, huyu ndiye baba yangu. Nikakifunga tena. Nilikuwa naona pingu. Nilikuwa naona na shamba. Vyote viwili kwa pamoja!

"Ni kweli," baba akasema.

"Na wewe ni nani wake?"

"Jirani."

Karani akamshika kidole gumba, akakichovya katika wino, akakikandamiza. Likatoka doa jeusi tu, bila mstari hata mmoja, kwa ajili ya ile chokaa. Akakikandamiza mara ya pili, likatoka doa jingine. Akasema basi inatosha.

Njiani kurudi lori likateremka mpaka Diani. Ndipo nikaanza kumweleza: nimefanya kwa ajili yenu, nyumba isibomolewe, tanuri lisivunjwe. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia kabla," akasema. "Mimi nimeapa mbele ya serikali. Sina ndimi mbili."

Mama alikasirika kwa kelele, na kelele zake zilikuwa nafuu. "Nimezaa na mzungu lini mimi? Aje aniambie huyo karani! Nilikuwa nampelekea nini, mbata?" Alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Lakini habari ilifika kisimani kabla yake, na wanawake wakaanza kunyamaza akija. Mpaka leo huteka maji jua kali, wenzake wakiwa wamekwisha rudi.

Na faida yake? Sikilizeni faida yake!

Mzungu alifia kwao. Miezi michache baada ya uhuru ikaja bahasha, imeandikwa jina lile la ukoo na "Mombasa". Ilitoka kwa wakili wa marehemu, nayo ikanifikia mimi moja kwa moja. Nilifurahi kama mjinga! Nikavaa shati jeupe nikaenda kwa wakili aliyeniita mjini.

Wakili alikuwa mzee mpole. Akanipa kiti. Akasema ameona jina langu katika orodha ya waandikishwa, amestaajabu. Akafungua karatasi iliyotoka huko kaskazini, akasoma jina baada ya jina, na kila mmoja anaishi wapi na ni nani wa nani. Dada wa marehemu, binamu, watoto wa binamu. Wanaandikiana barua kila mwaka. Wote wanajuana.

"Walikuwa saba," akasema. "Mmoja amekufa, wamebaki sita. Wewe ni wa ngapi?"

Nikatazama shati langu jeupe. Ningechukua jina la Kizungu lililojaa kila mahali, nani angenihesabu? Ningejificha katikati ya maelfu. Mimi nikaenda kuchagua jina ambalo wenyewe wanajuana kwa sura. Lilikuwa zuri machoni pangu kwa uchache wake, na uchache huohuo ukanikamata kola.

"Ukidai shamba, itanibidi nieleze ulivyolipata jina," akasema. "Usipodai, mimi sina neno." Shamba likauzwa, walionunua watajenga hoteli pale. Tanuri likavunjwa asubuhi moja. Nilisimama nikatazama, nina jina la shamba na sina shamba.

Basi nikaenda kwa karani mwingine kuuliza, kwa siri, kama naweza kurudisha jina la baba. Akaniambia inawezekana. Niape kwamba nilisema uongo. Nikauliza, na yule mzee aliyetia kidole je? Akajibu, naye alisema uongo. Tutajibu wote wawili.

Mmeona nilipokwama?

Nikifungua mlango huu nitoke, namfungia baba ndani. Mtu aliyeninusuru na jela nimpeleke jela yeye, na umri ule, na kifua kile kilichojaa vumbi la chokaa! Siwezi. Na nisipofungua, nabaki mtoto wa maiti wa nchi ya baridi asiyenijua.

Tulipofukuzwa, serikali ikatugawia viwanja vya makazi. Kwa kuwa kwa karatasi sisi si jamaa, baba na mama walipewa chao na mimi changu. Vikaangukia ubavu kwa ubavu, katikati pana njia ya miguu. Upande wangu wa pili wamekaa watu wa bara, Wakristo wapole walima mahindi. Waliponizoea waliniuliza, "Yule mzee wa ng'ambo ya njia mnafanana sana. Ni nani wako?" Baba alikuwa karibu, akajibu yeye.

"Ni jirani yangu. Mtu mwema."

Kila asubuhi navuka njia ile. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, jirani. Umeamkaje?"

Hasemi kwa kunikomoa. Ningejua ananikomoa ningelala usingizi! Anasema kwa upole, kama mtu anayetunza amana. Ameapa, na anachunga kiapo chake nisije nikadhurika. Akiugua namletea uji, anasema Mungu akubariki, jirani. Mwaka jana nilipata mtoto wa kiume nikampa jina lake, kama ilivyo desturi ya kumpa mjukuu jina la babu. Nikampelekea ampakate. Alimpakata muda mrefu, akimpitishia vile vidole laini usoni. Akalitaja jina lake mwenyewe kwa sauti ndogo. Kisha akaniuliza, "Na lile jingine linafuata?"

Nikamwambia linafuata.

Akanirudishia mtoto.

Nyinyi mnaokwenda kuandikisha watoto na nafsi zenu siku hizi, na kila mmoja anatafuta jina la kumpandisha, nawaomba sana. Jina la baba yako hata wakiwa nalo watu kumi sokoni, likichosha, halina shamba, halina chochote, likae. Usiliachilie mkononi ukidhani utarudi kulichukua. Mimi nilidhani ni mpini, kumbe ndilo lililokuwa limenishika mimi.

Kuna njia moja tu ya kulirudisha bila kumdhuru baba, nanyi mmekwisha kuijua. Ni siku atakapokuwa hayupo tena kushitakiwa. Ndipo nitaweza kwenda Kwale nikaseme kweli. Kwa hiyo mimi, mtoto wake wa pekee, kila nikimsikia anakohoa ng'ambo ya njia, naingiwa na hofu mbili, na ya pili naiogopa kuliko ya kwanza: kwamba labda namngojea.

Nisameheni kwa kutotia sahihi. Jina ninaloruhusiwa kuliandika mtanijua nalo, na lile ambalo ningetaka kuliandika hapa si langu tena.