Mashine Yangu na Ukuta wa Shangazi

Stashahada yangu ya ujenzi niliipata kwa kufyatua matofali, na sioni haya kulisema. Wenzangu walisomeshwa na baba zao. Mimi nilisomeshwa na udongo wa Itetemia. Niliporudi Tabora kutoka Dar es Salaam nilikuja na kompyuta yenye kitu ambacho sijamwona mwingine nacho mjini hapa: programu niliyoifundisha mwenyewe kutambua ubovu wa majengo na madaraja. Niliilisha maelfu ya picha za kuta na nguzo, kila moja nikiiambia, huu ni ufa wa hatari, huu ni wa rangi tu, hapa ni pazima. Baada ya muda ikaanza kuniambia yenyewe. Siku ilipouona ufa ambao macho yangu yalikuwa yameupita, nilicheka peke yangu chini ya daraja.

Shangazi anaishi Isevya, katika nyumba ya matofali mabichi kando ya njia ya zamani ya misafara. Binti yake, binamu yangu, alikuwa anakiogopa chumba anacholala mama yake na alitaka mama ahamie kwake kabla ya mvua. Shangazi hakutaka. Watoto wake wote amewazalia mle. Akaniambia kwenye simu kwamba atafuata neno la mashine yangu: ikisema hama, atahama, ikisema kaa, asiguswe tena na mtu.

Nilifika Jumamosi asubuhi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba baba, na kabla ya chai nikaanza kupiga picha. Ukuta ambao kitanda chake kimeuegemea ulikuwa laini kama kibuyu. Programu iliupitia kipande kwa kipande ikatoa kijani kitupu. Salama. Shangazi akamshukuru Mungu, nami nikajiona mrefu kuliko mlango.

Binamu alikuwa ameketi kizingitini. Utani wetu ni wa tangu utotoni, hivyo sikujali alipouliza kama mashine nayo itakunywa chai. Nilichokiangalia ni kucha zake. Zilikuwa na udongo mwekundu. Nikamwuliza kama alitoka shamba.

"Shamba gani? Nimeusiriba ukuta, kaniagiza mama. Siku mbili nakandika udongo na mavi ya ng'ombe. Injinia atoke Dar aje kuonyeshwa ukuta uliopasuka, tuonekane watu gani?"

Nikamwuliza kwa nini hakusema, na yeye ndiye anayetaka mama ahame.

"Si inaona ndani? Nilidhani ni kama ile picha ya hospitali."

Kwa dakika moja hivi nilitamani iwe inaona ndani. Shangazi alikuwa amekwisha kutandika kitanda upya. Nikamwambia kwamba mashine imesoma udongo wa juzi, haijauona ukuta wake, na kwamba lazima tubandue.

"Imeshasema kaa," akanijibu.

"Shangazi, imesema bila kuona."

Akavuta kitanda kando yeye mwenyewe.

Tulibandua kwa jembe. Ufa ulishuka kutoka darini hadi sakafuni, na kiganja changu kiliingia mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ndani mchwa walikuwa wamejenga. Nikapiga picha tena, na programu ikawaka nyekundu papo hapo, bila kusita. Hilo nalisema kwa fahari. Ila hakuna aliyekuwa anatazama kioo cha kompyuta. Tulikuwa tunatazama kingo za ufa, ambako udongo ulikuwa umepangana tabaka juu ya tabaka, jekundu, jeupe, la majivu, tena jekundu. Nikamwuliza shangazi ni ya nini yote hayo.

Akayagusa kwa kidole, moja moja. Hili harusi ya binamu yako. Hili wageni wa msiba wa baba yake. Hili Idi, lakini hakumbuki ya mwaka gani. Kila mgeni alipokuja, ufa ulifunikwa, na kila alipoondoka, ulirudi ukiwa mpana zaidi.

Nilikuwa bado nayahesabu aliposimama na kuanza kufungua kamba za chandarua cha kwenda nacho kwa binti yake.